Stering wa Upande wa Pili wa Mabati

Mwezi huu nimetazama filamu tatu, na katika kila moja kuna mahali nilifumba macho makusudi. Si kwa woga. Ni kipimo changu. Filamu nzuri, kwa maoni yangu ambayo hakuna chuo kilichoyathibitisha, ni ile inayoendelea kuwepo hata ukiifungia macho.

Ya kwanza ilikuwa ya Kihindi, ya harusi inayoharibiwa na mafuriko. Macho yalishiba: sari za manjano zikielea juu ya maji ya matope, bwana harusi amepanda juu ya kabati. Nilipofumba macho nikasikia muziki ambao ungeweza kuwa wa harusi, wa matanga au wa tangazo la sabuni. Ya pili ilikuwa ya watu wa angani. Hiyo nilifumba macho nikalala kabisa, mpaka rafiki yangu Mercy akanipiga kiwiko. Ya tatu imetengenezwa hapa hapa Kenya, kuhusu dada wawili wanaogombania shamba la marehemu mama yao. Kuna mahali wanachambua mboga za sukuma pamoja bila kusemezana. Nilifumba macho nikasikia mashina yakivunjika, mmoja akavuta kamasi, halafu kimya. Nywele zikanisimama. Hiyo ndiyo filamu, jamani! Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeshinda kitu.

Maoni kama haya huwa nayaandika kwenye simu na kuwatumia watu wachache wa rika langu. Kila nikibonyeza kutuma, nakisoma tena nilichotuma. Huwa nimeshayaandika upya mara saba, nimebadilisha koma zikarudi pale pale, na bado nangoja mtu aulize: kwani wewe ulisomea wapi mambo ya sinema? Jibu la kweli ni kwamba nilisomea ukutani. Na siku ile ya filamu ya tatu, nilipokuwa nimekumbatia bisi zangu mpaka katoni yake ikalowa jasho, harufu ya katoni mbichi ilinirudisha kwenye ukuta huo.

Tulikaa mtaa wa Kaptembwo, kwenye ploti ya mabati yenye vyumba sita, chetu kikiwa cha mwisho. Nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na video ya Baba Njeri: chumba kirefu chenye mabenchi, pazia jeusi mlangoni, na televisheni ambayo sikuwahi kuiona. Mama alikuwa amebandika katoni za sabuni kwenye ukuta huo kwa gundi ya unga wa ngano, ili kuzuia baridi. Mvua ikinyesha, katoni zilinyonya maji na kutoa harufu tamu yenye uchachu kidogo. Mimi nililala kitandani, sikio kwenye katoni, nikasikiliza sinema. Nilipoinuka, shavu langu lilikuwa na wino wa bluu wa herufi za sabuni, zimegeuka nyuma mbele.

Nilisikia kila kitu. Mateke, vioo, farasi, mabusu (hayo sikuyaelewa, nilidhani mtu anakunywa chai moto). Zaidi ya yote nilimsikia DJ. Ninyi wa rika langu mnakumbuka: sinema zenyewe zilikuwa za Kichina, za Kihindi, za Kizungu, na juu yake DJ alikuwa amerekodi sauti yake akitueleza kwa Kiswahili chetu kila kilichokuwa kikitendeka, pamoja na mengi ambayo hayakuwa yakitendeka. "Stering anaingia kama mtu ametumwa chumvi na mama wa kambo! Stering ameona pikipiki. Stering hajui pikipiki. Wadau, Stering amejua pikipiki!"

Sasa sikilizeni kosa langu, kwa sababu nimelificha miaka mingi. Nilidhani Stering ni jina la mtu.

Nilidhani ni jina kama Stephen. Mtu mmoja, aliye katika sinema zote. Jumamosi alikuwa polisi katika mji wa Wachina, Jumapili baada ya kanisa alikuwa maskini wa Kihindi anayependa binti wa tajiri, wiki iliyofuata alikuwa mwanajeshi porini. Halikunishangaza hata kidogo. Kaptembwo kila mtu mzima niliyemjua alikuwa na kazi tatu. Kwamba Stering alisema lugha nyingi pia si ajabu. Mama yangu mwenyewe alisema nne. Jumapili moja DJ alitangaza kwa huzuni, "Stering ametuacha, wadau," nikalia mpaka katoni ikabanduka. Jumamosi iliyofuata Stering akaingia juu ya farasi! Siku iliyofuata, mwalimu wa Sunday school alipouliza ni nani aliyefufuka kutoka kwa wafu, niliinua mkono nikataja wawili.

Kila Jumatatu, wakati wa mapumziko, niliwasimulia wenzangu nyuma ya darasa, karibu na tangi la maji. Ndiyo kazi iliyonipa jina shuleni. Sikuwa na mbio, sikuwa na sauti ya kuimba, na niliogopa kuinua mkono darasani nisije nikakosea. Lakini pale kwenye tangi watoto ishirini walinyamaza kwa ajili yangu. Nilikuwa na daftari la muvi. Nililipigia mistari kwa rula na kalamu nyekundu, na nikikosea neno moja nilichana ukurasa mzima na kuanza upya, mpaka daftari likabaki jembamba kama la mtoto wa chekechea. Katika ukurasa wa kwanza nilikuwa nimemchora Stering: mrefu, masharubu, na sweta ya kijani. Sweta ilikuwa ya kijani kwa sababu ndiyo rangi ya uzi iliyokuwa nyumbani.

Mama alifuma sweta za shule. Mashine yake ilikaa mezani karibu na mlango, na alipousukuma mpini kulia na kushoto ilipiga kelele: krrra, krrra. Hapo ndipo taabu yangu ilipokuwa. DJ aliweza kuwa anasema, "Stering amezingirwa! Hana risasi! Hana rafiki! Ameona kitu gani pale—" na mama, krrra, krrra, krrra, mistari sita ya mkono wa sweta. Mashine ikipumzika, Stering ameshatoka, maadui wanalia, na ng'ombe analia pia.

Ng'ombe? Ng'ombe ametokea wapi? Usiku huo sikulala vizuri. Nilijua ng'ombe, kwa sababu baba alikuwa kibarua kwenye shamba la ng'ombe huko Ndabibi na likizo tulimfuata huko. Kufikia Jumatatu nilikuwa nimepata jibu. Niliwaambia wenzangu kwamba Stering, bila risasi, bila rafiki, alichuchumaa chini ya ng'ombe, akashika chuchu mbili kama bastola, akawapiga maadui wanne maziwa machoni. Chwa! Chwa! Chwa! Watoto walilia kwa kicheko. Wiki nzima mapumziko yalikuwa vita vya chupa za maji. Hata mwalimu wa zamu alilowa.

Mmoja tu hakucheka. Alikuwa Brayo, aliyekaa dawati la nyuma yangu, ambaye kaka yake alimwingiza kwa video kila Jumamosi. Alinikazia macho siku tatu, halafu siku ya Alhamisi akanisimamisha kwenye tangi mbele ya wote.

"Neke, ile muvi ya ng'ombe. Stering alikuwa amevaa nini?"

"Sweta ya kijani."

"Alikuwa kifua wazi! Tangu mwanzo mpaka mwisho, kifua wazi!"

"Aliivua baadaye."

"Na mbona sijawahi kukuona hapo ndani? Huwa unakaa wapi? Juu ya televisheni?"

Watoto wakasema "Woooi!" kwa ile sauti ya watoto wanaonusa damu. Brayo akatoa hukumu: Jumamosi nije kwa video, tutazame pamoja, na Jumatatu kila mmoja asimulie. Atakayeshindwa asikanyage tena kwenye tangi.

Nataka mwelewe nilichokuwa nacho. Nilikuwa na hapo tu. Nikiondolewa kwenye tangi, nilikuwa nabaki yule msichana anayechana kurasa.

Ijumaa jioni nilishindwa kula.

"Ugali imekukosea nini?" mama akauliza.

Nikamwambia yote. Akasikiliza huku mikono yake ikiendelea, krrra, krrra. "Hapo kwa video hakuna msichana anaingia," akasema. "Ni wahuni tu, na moshi." Nikajua imeisha. Nikarudi kitandani, uso ukutani. Mashine ikaenda mistari mingine kumi, halafu ikasimama.

"Kwani yule binti wa tajiri," mama akasema polepole, "aliolewa na yule mzee, ama Stering alifika?"

Nikageuka. "Binti gani?"

"Wa Jumapili. Nilikosa mwisho. Mama Otieno alikuja kuuliza sweta."

"Mama! Wewe huwa unasikiliza?"

"Mimi nasikiliza nini? Mimi nahesabu mishono." Akashika uzi, akautazama kana kwamba una makosa. "Lakini baba yake binti alikuwa mkali sana."

Jumamosi alinishika mkono mwenyewe, akanipeleka mpaka kwenye pazia jeusi. Baba Njeri alikuwa mlangoni, mkubwa, anatafuna njugu. "Huyu akae benchi la mbele," mama akamwambia. "Mtu akimgusa hata unywele, nitakufumia sweta isiyo na shimo la kichwa."

"Mathe, tulia. Ako salama."

Kisha mama akaniinamia. "Angalia vizuri. Ukirudi unisimulie, hata nguo."

Kwanza nilisikitika. Televisheni ilikuwa ndogo kuliko kabati letu! Mimi nilidhani watu wanaofanya kelele yote ile wanatoshea kwenye ukuta mzima. Nikamtafuta DJ kwa macho, nikitarajia mtu mwenye kipaza sauti kwenye kona. "DJ ako wapi?" nikamuuliza Brayo, aliyekuwa amekaa kando yangu kama hakimu.

"Ako ndani ya CD, fala."

Halafu picha ikaanza, na nikasahau masikitiko. Rangi! Hakuna aliyeniambia kuhusu rangi. Damu ilikuwa ya rangi ya chungwa, mbingu ilikuwa na rangi ya Fanta, na Stering alipoingia, alikuwa mfupi, mnene kidogo, na masharubu kama brashi ya viatu. Sivyo nilivyomchora, lakini nilimsamehe mara moja. Nilimtazama kama mtu anayemtazama mjomba aliyekuwa akimsikia kwa simu tu. Nilimshangilia mpaka koo likakauka. Niliandika kila kitu kwenye daftari gizani: shati jekundu, saa ya dhahabu, jambazi ana jino moja.

Sinema ya kwanza ikaisha, Baba Njeri akaweka ya pili. DJ akanguruma, "Na huyo Stering anaingia!" Akaingia Mchina mwembamba, hana hata unywele mmoja mdomoni.

Nikasimama juu ya benchi. "Huyo si yeye! Huyo si Stering! Stering ameenda wapi?"

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Watu wazima walipiga mapaja. Mtu wa nyuma akasema, "Kaa chini, dada, Stering ameenda chooni." Brayo hakucheka. Alinitazama kama daktari aliyegundua ugonjwa.

"Stering si jina," akasema. "Stering ni yule mkubwa wa muvi. Kila muvi iko na wake. Wewe ulikuwa unadhani ni mtu mmoja?"

Nilikaa. Yule niliyemlilia, aliyefufuka, aliyekuwa na kazi nyingi na sweta ya kijani, hakuwahi kuwepo. Nilitaka kutoka, lakini kutoka ilikuwa kupita mbele ya benchi zote. Basi nikabaki, nikageuza uso ukutani ili nisionekane nikilia. Ulikuwa ukuta wetu. Upande huu hakukuwa na katoni, mabati matupu, na nyuma yake nikasikia: krrra, krrra, krrra.

Mama yangu. Nilimsikia wazi kabisa, kama vile alivyotusikia yeye.

Kwenye televisheni yule Mchina alikuwa ananing'inia kwenye daraja kwa mkono mmoja. Maadui wanakanyaga vidole. Na mashine ikasimama.

"Ooooh," mtu wa benchi la nyuma akasema. "Mama Sweta amenyamaza. Stering ako kwa shida!"

"Kaeni imara," akajibu mwingine. "Hiyo mashine haidanganyangi."

Wote wakasogea mbele kwenye mabenchi. Walijua! Miaka yote hiyo chumba kizima kilikuwa kinajua kwamba upande wa pili wa mabati kuna mtu anasikiliza, na kwamba akinyamaza, jambo limefika mahali pake. Mchina akapanda daraja, akamrusha adui mtoni, na ukutani ikarudi, krrra, krrra, kwa kasi, kama mtu anayepiga makofi. Chumba kikashangilia vyote viwili. Sijui niwaelezeje furaha iliyonipata. Nililia na kucheka pamoja, nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, bila rula: MAMA ALISIMAMA HAPA.

Jumatatu Brayo alisimulia kwanza. Hakukosea kitu. Alisema mtu wa kwanza akampiga wa pili, halafu wa pili akampiga wa kwanza, halafu wakaenda, halafu wakarudi. Kila kitu kilikuwa kweli, na watoto watatu walikwenda kunywa maji.

Zamu yangu nikafungua daftari. Nilikuwa nimelinakili upya Jumapili nzima. Nikasoma: shati jekundu, saa ya dhahabu, suruali ya kahawia yenye mkunjo. Nikasikia viatu vikisugua chini. Mtu akapiga miayo. "Neke, weka zile sauti zako," msichana mmoja akanong'ona kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kuzomewa. Nilikuwa nimesema ukweli mtupu, na nilikuwa nashindwa.

Nikafunga daftari. "Ngojeni," nikasema. "Mimi sijawahi kuona muvi hata moja mpaka juzi. Nilikuwa nasikia tu. Kwa ukuta. Na mashine ya mama ikipiga kelele sikusikia kitu, nikawa naweka ya kwangu."

Maji ya tangi yalidondoka. Nikangoja kufukuzwa.

"Ngoja kwanza," Brayo akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ile ya maziwa?"

"Mashine ilikuwa inafuma mkono."

"Yaani hakuna?"

"Hakuna."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Neke, mimi nimerudi kuangalia hiyo muvi mara tatu! Mara tatu! Nilimwambia Baba Njeri airudishe nyuma. Nilidhani nililala hapo kwa maziwa. Niligombana na kaka yangu!" Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Na hiyo ndiyo ilikuwa scene kali kuliko zote."

Kicheko kilichofuata kilimtoa mwalimu wa zamu ofisini. Mtu akapiga kelele, "Tuambie ile ya daraja! Lakini fumba macho, kama ukiwa kwenu!" Nikafumba. Nikaanza, na nilipofika pale vidole vinapokanyagwa, nikanyamaza kabisa, mpaka nikasikia ishirini wote wakiacha kupumua. Brayo ndiye aliyepiga "Aaaii!" ya kwanza.

Ploti ile imebomolewa. Sasa kuna gorofa yenye vigae, na video ya Baba Njeri imebaki midomoni mwa watu. Mama bado anafuma, siku hizi mtaa wa Bahati, kwenye nyumba ya mawe ambayo haisikii chochote cha jirani. Filamu ya dada wawili nilikwenda naye yeye. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa mbele ya sinema. Alivaa nguo ya kanisa, akakataa bisi, akaniuliza kwa sauti kubwa, "Na mbona hakuna mtu wa kutueleza?" Watu wakageuka. Nikataka kuingia chini ya kiti. Mimi ni yule yule.

Halafu akatulia. Katikati ya filamu nilisikia kitu kinasugua kwenye giza, kitambaa juu ya kitambaa. Nilitazama. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, inakwenda kulia na kushoto, kulia na kushoto, na sidhani alijua.

Dada wawili walikaa chini kuchambua sukuma. Hapo ndipo nilipofumba macho, kama nilivyowaambia. Nilisikia mashina, nikasikia kamasi, nikasikia kimya. Lakini sikuwaambia kimya chenyewe kilitoka wapi. Hakikutoka kwenye skrini. Kando yangu, mikono ya mama ilikuwa imesimama.